Mvinyo Uliolala Chini ya Kitanda Changu

Tulipomzika Shangazi Zainabu, vijana wa ukoo walinisukuma mbele baada ya hitima niseme machache juu yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye miaka mingi kuliko mtu mwingine. Nilisimama, nikasema marehemu alipenda usafi na hakumkunjia mgeni uso, kisha nikakaa. Mke wangu hakuniacha. "Umeongea kama mtu anayetangaza mbuzi aliyepotea," akaniambia. Sikubisha. Mdomo wangu hufa ganzi mbele za watu, na siku ile ganzi ilikuwa imeshuka mpaka miguuni. Lakini kilichonizuia hasa ni kwamba kumbukumbu iliyonijia nikiwa nimesimama pale, kati ya sinia za pilau na viatu vya masheikh, haikuwa ya kusemwa mahali pale. Ilikuwa ya mwaka ambao shangazi yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kuonja hata togwa lililochachuka, aliweka mvinyo nyumbani mwake Ujiji, akausubiri kwa hamu kuliko mlevi yeyote wa mji huu, na mimi, mtoto wa kaka yake, nikalala juu yake.

Ulikuwa mwaka wa vita vya ng'ambo. Warundi walikuwa wamekwisha kutangulia, kambi za Kasulu zimefurika. Sasa ikawa zamu ya Wakongo, wanavuka ziwa kwa chochote kinachoelea na kuteremka Kibirizi na magodoro vichwani. Mji ulijaa magari meupe yenye antena ndefu, na kijana yeyote aliyejua Kiingereza cha kuombea maji alipata kazi ya kutafsiri au ya kuhesabu magunia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo babangu aliyasoma mara moja, akayakunja, akanipeleka kwa dada yake "nikapumzike". Nilipumzika kweli. Katika mwaka ambao nusu ya watu wa maziwa haya walikuwa mbioni, mimi sikufika hata Mwanga, mtaa wa hapo jirani. Nilichambua mchele, nilitwanga kisamvu, nilimsikiliza shangazi akigombana na redio. Vijana wa barazani waliniita Mwali, kwa sababu msichana aliyewekwa ndani angalau hutolewa siku moja achezwe ngoma, na mimi, walisema, hata ngoma haikunitoa. Mpaka leo wapo wazee wenzangu wanaoniita hivyo mbele ya wajukuu zangu. Ukweli ni kwamba sikuwa na huzuni wala furaha. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, ni wako, lakini ukiuponda husikii.

Papa Gastoni aliingia uani adhuhuri moja, nikiwa naosha vyungu. Mtu mwembamba, nywele zimeanza mvi, koti la suti limekauka na chumvi ya jasho, na mikononi kashika sanduku la mbao kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Aliletwa na mwenye mtumbwi, ambaye alijua kwamba shangazi, kama wazee wengi wa Ujiji, babu zake walitoka ng'ambo ile ile. Hilo lilitosha. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza kwa nini mkimbizi hajapelekwa kambini, shangazi alimjibu, "Mkimbizi yupi? Huyu mgeni wangu," akampa kikombe cha chai, na habari ikaishia kwenye chai. Lakini kabla ya hapo alimwuliza mgeni mwenyewe kuna nini sandukuni. Papa Gastoni hakudanganya. "Ni vino, Mama," akasema. "Mvinyo ya wazungu. Chupa sita zimebaki." Nilimwona shangazi akivuta mtandio wake mbele. "Umevuka ziwa na vita nyuma yako," akasema taratibu, "ukaacha sufuria, ukaacha godoro, ukabeba pombe." Papa Gastoni akaeleza kwamba katikati ya maji mwenye mtumbwi aliwaamuru wapunguze mizigo, naye akatupa sanduku lake la nguo. "Nguo, Josefina atanishonea," akasema. Josefina alikuwa mke wake. Alikuwa ameteremka Moba kumuuguza mama yake, na bunduki zikaingia Kalemie, mji wao, kabla hajarudi.

Tulielewa kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, kwenye ugali wa muhogo na samaki migebuka waliokaangwa kwa mawese. Huko Kalemie alikuwa ametunza chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya wageni ya kampuni moja, chumba kilichojaa mvinyo uliotoka Ulaya kwa meli. Kazi yake ilikuwa kujua chupa ipi ifunguliwe leo na ipi iachwe. Nilidhani ni mzaha. "Kazi ya kungoja?" nikamwuliza. "Walikulipa kwa kungoja?" Akanitazama mimi na sufuria yangu ya mchele. "Na wewe unaifanya bure," akasema. Shangazi alicheka mpaka akaweka tonge chini. Papa Gastoni akaendelea kueleza kwa upole kwamba mvinyo mzuri hauwi tayari siku unapotiwa chupani. Kwanza ni mkali na mgumu, unakukunja ulimi. Unaulaza gizani mahali pa baridi, miaka, nao unalegea pole pole mpaka siku yake ifike. Na ukiacha siku hiyo ikupite, unaanza kuteremka, mpaka unakuwa maji machungu. Katika kazi yao maneno yalikuwa matatu tu: bado, sasa, na umepita. Jirani yetu Bibi Nyamwiza, Muha wa Kasulu aliyekuwa akipika urwagwa wa ndizi nyuma ya nyumba yake na kuuza kwa siri ambayo mtaa mzima uliijua, alikuja kusikiliza, akatikisa kichwa. "Pombe gani ya kungojwa mpaka mtu aote mvi? Mimi naifukia ndizi Jumatatu, Jumapili watu wanapigana. Hiyo ya kwenu, kiu itakuwa imeshakufa na mwenye kiu."

Sanduku, Papa Gastoni alipewa na bwana wake wa kazi siku ya harusi yake. Bwana alimwambia mvinyo huo ni mchanga kama ndoa yenyewe, asiufungue wote kwa pupa. Kwa hiyo yeye na Josefina wakaweka desturi: kila baada ya miaka kadhaa, siku ya ndoa yao, wanafungua chupa moja waone imefika wapi. Hawakujaliwa mtoto, nadhani chupa zile ndizo walizokuwa wakizitazama zinakua. Yeye anaonja kwanza, kisha Josefina. "Miye ninaonja na kazi," alisema. "Nasikia tindikali, nasikia mbao, nasikia miaka. Lakini yeye anaonja na mdomo tu. Mvinyo haupimwi na mdomo mumoja. Mumoja anasema kilichomo, wa pili anasema kama ni kitamu." Mara ya mwisho kufungua, Josefina alilamba midomo akasema, bado kidogo, mvua mbili au tatu. Mvua hizo zilikuwa zimekwisha. Mwaka ule, kwa hesabu ya Josefina mwenyewe, ndio ulikuwa mwaka.

Sasa ziwekwe wapi? Papa Gastoni alizunguka nyumba akigusa kuta kwa kiganja, kama mganga, akachagua chumba changu. Kilikuwa cha udongo mnene upande wa kusini, dirisha dogo, hata Oktoba sakafu yake ni baridi. Chini ya kitanda changu akatandika magunia, akazilaza chupa moja moja ubavuni. Shangazi alisimama mlangoni, hakuingia. "Mbona unazilaza?" "Lazima zilale, Mama." Neno hilo ndilo lililoleta utata wa mwaka mzima, maana kwetu kitu kilicholala ni kiporo. Ugali uliolala, mchuzi uliolala, mtu anakupa kama hakupendi. Shangazi akanivuta pembeni. "Maskini, mvinyo wake umelala tayari, naye hajui," akaninong'oneza. "Kiporo kikikaa kinachachuka. Na pombe ikichachuka sana inakuwa nini?" Sikujua. "Siki," akasema, na nikaona macho yake yamepata mwanga wa ajabu.

Msomaji asiyejua jikoni la Ujiji atashangaa. Siki nzuri haikuwapo. Ya dukani ilikuwa dawa ya chupa nyeupe inayounguza koo, na shangazi alikuwa mwanamke wa achari, wa kachumbari, wa samaki wa kulowekwa. Akaenda kwa maalimu wa madrasa kuuliza "kwa niaba ya mtu". Alirudi na jibu, akanisomea kama mtihani: pombe ikigeuka siki yenyewe, bila mtu kuitia kitu, hiyo ni halali na ni twahara. Ukiigeuza wewe kwa kuitia kitu, hapana. "Na maalimu hakuuliza ni mtu gani?" nikamchokoza. "Aliuliza. Nikamwambia mtu huyo ana mtoto wa kaka asiyetoka nyumbani, basi akanihurumia, akaacha."

Hivyo ndivyo watu wawili walivyoanza kuzisubiri chupa zile zile, kila mmoja akiomba kitu ambacho mwenzake alikiogopa. Papa Gastoni alitaka siku isipite kabla Josefina hajafika. Shangazi alitaka ipite, tena upesi. Hawakugombana hata mara moja. Kila Ijumaa asubuhi shangazi alifagia chumba changu, na kwa kuwa hakuweza kufagia chini ya vitu vilivyolala kama mizoga, alizisimamisha chupa ukutani kwa ncha ya ufagio na kitambaa, bila ngozi yake kuzigusa, akaziacha zimesimama "kama watu wenye heshima". Jioni Papa Gastoni alirudi kutoka Kibirizi, akaingia, akapiga magoti, akazilaza tena. Aliniambia mimi tu kwamba chupa ikisimama muda mrefu kizibo hukauka, hewa huingia, na hewa ndiyo mama wa siki. "Mwambie basi," nikasema. "Ni nyumba yake," akasema. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote: ufagio asubuhi, magoti jioni. Nami nilikuwa juu ya kitanda, katikati ya mazungumzo, nikitazama dari.

Kwa nini Kibirizi? Kwa sababu mitumbwi ya ng'ambo ilishukia huko. Alikwenda kwa miguu, akasimama mpaka mtu wa mwisho ateremke, akarudi. Alipoingia, shangazi alimsukumia sahani. Siku nyingine kulikuwa na samaki kuhe, siku nyingine dagaa. Akisha kula aliomba ruhusa, akatoa chupa moja, akaiinua dirishani mwangu mahali mwanga wa jioni unapoingia, akanionyesha. Kimo cha mvinyo shingoni, kama kimeshuka. Mashapo meusi yaliyolala ubavuni. Na rangi, pale ukingoni, ambapo zamani, alisema, ilikuwa ya damu mbichi na sasa inaanza kuwa ya tofali. "Inakuja," alikuwa akisema. "Iko karibu, Idi." Yeye aliniita kwa jina langu, si Mwali. Nilimwuliza kwa nini asifungue moja tu, ajue. Akairudisha kwenye gunia taratibu. "Nikifungua, ni miye nimesema yeye haji."

Masika yaliisha. Bibi Nyamwiza alipika na kuuza urwagwa mara zisizohesabika. Siku moja, tumekaa uani na sombe mezani, jina walilolitumia Wakongo kwa kisamvu, akaingia mwanamke mwenye kitenge cha rangi ya machungwa, anaulizia Papa wa Kalemie. Alikuwa Mama Furaha, binamu wa Josefina, ameteremka na mtumbwi wa mahindi. Papa Gastoni alisimama. Mgeni akafungua mdomo, shangazi akamkatiza: "Kwetu mgeni hula kwanza." Nimewahi kufikiria kwamba shangazi alijua, alitaka kumpa yule mtu ugali mmoja zaidi. Mama Furaha alikula vizuri. Naikumbuka aibu niliyoiona kwake alipoomba aongezwe mchuzi, na jinsi nilivyomwongezea, na jinsi sisi watatu tulivyokaa kumtazama anatafuna. Kisha akanawa, akasema bila kuinua sauti, "Papa, Josefina haiko tena. Tulimuzika kule Moba. Homa."

"Lini?" akauliza Papa Gastoni.

"Zamani, Papa. Mvua zilikuwa hazijaanza."

"Miye nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa bado Kalemie. Haukuwa umevuka."

Papa Gastoni alisema "Aa," kama mtu aliyeambiwa njia ya sokoni imebadilishwa. Akachukua sahani yake, akaiosha mwenyewe, akaifunika kwenye kichanja. Hakuna aliyelia. Shangazi alisema innalillahi chini ya pumzi. Mimi nilichukua bakuli la mchuzi, nikaona linavuja mafuta, nikalipangusa, nikaendelea kulipangusa. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimeona watu wakigaagaa chini kwenye misiba, nikawaonea wivu. Alikuwa mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kujua wakati, na alipokuwa akipima rangi dirishani mwangu, siku yenyewe ilikuwa imekwisha kupita kabla hajapanda mtumbwi.

Hakwenda tena Kibirizi. Akaanza kutembea upande wa pili, kuelekea ufukwe wa Bangwe, kila alasiri. Siku ya kwanza alirudi viatu vimelowa. Shangazi alivitazama, akaviweka juani. Siku iliyofuata suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Kisha mpaka mapajani. Alikaa, akasukuma chakula upande mmoja wa sahani, akakirudisha upande wa pili. Shangazi aliianika ile suruali kwenye kamba, akasimama mbele yake muda mrefu, akipima kwa macho pale maji yalipoishia. Kisha akaja jikoni. "Mwali," akasema, "leo utatoka."

Nilitoka. Nilimfuata kwa mbali kupita wanawake wanaogeuza dagaa mchangani, ambao mmoja wao alipiga kelele, "Jamani, Mwali katolewa, ngoma iko wapi?" Papa Gastoni alifika mahali pasipo na mitumbwi, hakuvua hata viatu, akaingia. Maji yalimfika kiunoni. Akasimama ameelekea ng'ambo, milima ile ya Kongo inayoonekana siku za anga safi, na siku ile ilikuwa safi. Akapiga hatua nyingine moja. Nilijua kwamba mtu mwingine yeyote wa umri wangu angejitosa. Mimi sikujua kuogelea. Ni nani aliyezaliwa kando ya ziwa hajui kuogelea, isipokuwa mtu wa jikoni? Nikatafuta neno. Nikapata moja. "Papa," nikaita, "chakula tayari." Hakugeuka. "Papa, kinapoa. Shangazi atanigombeza mimi." Akasimama vile vile. Kisha akageuka, sijui kwa ajili ya chakula au kwa huruma juu yangu, akatoka, na tukarudi, yeye anachuruzika maji, mimi nikiwa na mchanga viatuni.

Shangazi alikuwa anatungoja kwenye mlango wa chumba changu. Safari hii alikuwa upande wa ndani. "Gastoni," akasema, "zile chupa. Zifungue."

"Mama, bila Josefina sitajua. Nitasema nini, iko sasa ao imepita?"

"Fungua, ujue."

Akapiga magoti na suruali iliyolowa, akatoa moja. Hakuwa na kile chuma chake cha kuzibulia. Alitumia msumari wa seremala na koleo, polepole, huku kanga ya zamani imefungwa shingoni mwa chupa. Kizibo kilitoka chote, cheusi upande mmoja. Akakinusa. Akamimina kwenye glasi yetu ya chai bila kuitikisa, akaacha mashapo, akainua glasi dirishani. Mimi harufu tu ilinifikia, na sijawahi kuinusa tena: kama zambarau lililoanguka kwenye udongo wa mvua ya kwanza. Akanywa funda moja. Alikaa nalo mdomoni muda mrefu hivi kwamba shangazi alianza kunitazama mimi.

"Sasa," akasema. Hakutabasamu. "Ni leo. Kesho, keshokutwa, bado leo. Halafu inaanza kushuka."

"Basi kunywa," akasema shangazi.

Akanywa glasi ile moja, ameketi sakafuni, bila haraka na bila raha, kama mtu anayemaliza dawa aliyoandikiwa. Akaiweka chini tupu. "Zingine nitawapa mapadri," akasema. "Halafu, Mama, nitakushukuru kwa nyumba yako."

Shangazi hakuuliza anakwenda wapi. Sote tuliijua ile suruali. Alivuta kigoda changu akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya chumbani mle. "Mapadri wanazo zao," akasema. "Nimengoja mwaka mzima siki, wewe unajua, mimi najua, ufagio unajua. Mkono wangu hauwezi kuigeuza. Ni mali yako, ni mkono wako. Mimina chunguni, funika kitambaa, usitie kitu. Iache."

Papa Gastoni akamtazama kama mtu aliyeambiwa amchinje ng'ombe mwenye mimba. "Mama. Hii imefika leo. Miaka yote imefika leo. Niiache ioze?"

"Iache igeuke. Wewe utainywa peke yako ikiwa mvinyo. Ikiwa siki, tutaila sote." Akavuta mtandio wake mbele. "Lakini kuna tatizo, na maalimu hana jibu lake. Mimi siwezi kuionja mpaka iwe siki. Na nisipoionja, nitajuaje imekuwa siki? Huyu Mwali naye vile vile. Nyumba hii haina mtu wa kuniambia. Bibi Nyamwiza ndiyo kabisa, yeye kila kitu kwake kimeiva." Akakisogeza kigoda karibu naye. "Inachukua muda gani?" akauliza shangazi.

"Kwa joto hili? Wiki nyingi, Mama. Miezi."

"Na lazima ionjwe?"

"Lazima. Ukichelewa, inakufa kabisa, inakuwa maji."

"Na ataionja nani, wewe ukiwa unakwenda ufukweni?" akasema shangazi. "Haya."

Sijui alikaa sakafuni muda gani. Mimi nilirudi jikoni kwa sababu moto ulikuwa unakufa. Nilipokuja tena alikuwa amekwisha kufungua zote, na kile chungu kikubwa cha shangazi cha maji ya kunywa, ambacho hakuna aliyeruhusiwa hata kukisogeza, kilikuwa kona ya chumba changu na kimefungwa kitambaa kwa uzi. Suruali aliivua, nikaianika. Kesho yake haikulowa.

Wiki zile chumba changu kilinuka ndizi, kisha gundi, kisha kitu kisicho na jina, na vijinzi vidogo vikaja kukaa nami kama wapangaji. Wenzangu wa barazani walisema Mwali sasa anafundwa kilevi. Papa Gastoni alifungua kitambaa mara moja kwa juma, akachovya kijiko, akaonja, akatema uani. "Bado, Mama," alisema, na shangazi kutoka jikoni akajibu, "Bado, haya." Papa Gastoni alikuwa anakula tena, si sana. Alinifundisha kutazama utando ulioanza kutanda juu kama ngozi ya maziwa, akanikataza kuuvunja. Juu ya Josefina hakusema neno, wala hatukumtajia. Nilikuwa nikimsikia anageuka mkekani upande wa pili wa ukuta, na chungu upande wangu kinafanya kazi yake bila sauti. Ikawa ndiyo siku zetu: mtu mmoja anaionja, mmoja anaulizia, mmoja analala kando yake, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Adhuhuri moja ya kiangazi, vitunguu vimekatwa, migebuka imetoka motoni, Papa Gastoni aliteka bakuli chunguni, akaja nalo mezani, akachovya kijiko kama kawaida, lakini hakutema. Alimeza. Akakohoa, akashika ukingo wa meza, na machozi yakaanza kumtoka, yakashuka mashavuni, yakaingia kwenye ndevu, na hakuyafuta. Yalitoka muda mrefu kuliko kikohozi. Nilitaka kwenda kuchota maji, shangazi akanizuia kwa mkono. Hakuna aliyesema ni ukali wa siki, na hakuna aliyesema siyo.

"Imekuwa?" akauliza shangazi alipotulia.

Akatikisa kichwa kukubali.

Shangazi alichukua kijiko kile kile, bila kukiosha, yeye ambaye vijiko vyangu huviosha mara mbili. Akachovya. "Bismillahi," akasema, akakitia mdomoni, akafumba macho, na uso wake ukakunjamana wote mpaka machozi yakamtoka naye.

"Kali," akasema.

"Kali, Mama," akasema Papa Gastoni.

Shangazi akamimina juu ya vitunguu, akatugawia, nasi tukala.